Kupima Shali ya Mafuta kwa Chungu cha Fischer: Kutoka Jiwe Hadi Tone la Mwisho

Wanafunzi wanaokuja maabara kwa mafunzo ya vitendo huja na maswali yaleyale kila msimu. Jiwe hili lina mafuta kiasi gani? Mbona nimelipika mara mbili na majibu hayafanani? Haya maji yametoka wapi, ilhali jiwe lilikuwa kavu kama kigae? Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi, na mara nyingi mwulizaji ameshaharibu sampuli ndipo anauliza. Sampuli iliyochorongwa mamia ya mita chini ya ardhi hairudi. Kwa hiyo nayaandika hapa kwa mpangilio, uyasome kabla hujawasha tanuri.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Shali ya mafuta ni tope la kale lililogeuka jiwe la matabaka membamba, likafungia ndani yake mabaki ya mwani na viumbe wengine. Mabaki hayo yamekuwa kitu kigumu kiitwacho kerojeni. Hakuna mafuta yanayosubiri kuchuruzika humo. Ukiliponda jiwe na kuliloweka ndani ya toluini, kiyeyusho cha mafuta, utapata kidogo sana, kwa sababu kerojeni haiyeyuki. Mafuta huzaliwa pale jiwe linapopashwa moto pasipo hewa. Usiyachanganye na mafuta ya Bakken au Eagle Ford ya Marekani, ambayo yaliiva zamani humo humo ardhini na yamebanwa tu na mwamba. Na tafadhali usiandike "sheli" kwenye ripoti yako, maana Tanzania msomaji ataona kituo cha mafuta.

Mfano nitakaoufuata ni shali ya Green River, inayopatikana Colorado, Utah na Wyoming, kwa kuwa imepimwa sana na njia hii ya chungu cha Fischer ilirekebishwa kwa ajili yake. Kukersite, yaani shali ya mafuta ya Estonia, na shali ya Jordan zina tabia zao, nazo nitazitaja zinapohusika. Ndugu zetu wa Kisangani, ambao shali za bonde la Lualaba ziko jirani yao, wanaweza kufuata hatua hizihizi. Hata mwenye makaa ya mawe anaweza: Mjerumani Franz Fischer na mwenzake Hans Schrader walikibuni chungu hiki kwa ajili ya makaa, miaka zaidi ya mia iliyopita, ndipo wataalamu wa serikali ya Marekani wakakirekebisha kwa shali.

Shika jambo moja kabla ya yote: hiki ni kipimo cha mizani. Kila gramu iliyoingia kwenye chungu lazima ujue imetokea wapi. Ukishindwa kueleza gramu mbili, hujui pia kama gramu tisa za mafuta ulizoandika ni kweli.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Sampuli isiyopungua nusu kilo, yenye namba na kina chake.
- Karasha ndogo ya taya, chekeche la tundu la milimita 2.38 (mesh 8), na kigawanya sampuli, kile chenye vijia vinavyomwaga kulia na kushoto.
- Chungu cha alumini chenye kifuniko kinachokaza sawasawa, pamoja na visahani vyake vya alumini vyenye matundu.
- Tanuri la umeme la kukizunguka chungu, lenye kidhibiti kinachopandisha joto hatua kwa hatua, na themokapo (kipimajoto cha waya) inayoingia kwenye mwili wa chungu chenyewe.
- Kipoza mvuke cha kioo, ndoo ya maji ya barafu, na tyubu ya sentrifuji ya mililita 100 yenye ncha iliyochongoka na alama za ujazo.
- Mizani inayosoma hadi gramu 0.01, na nyingine ya 0.0001 kwa vipimo vidogo.
- Sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) yenye vikombe vya kubeba tyubu hizo. Pima kwanza kama zinaingia.
- Chupa ya pikinomita ya kupimia densiti.
- Kabati la kufyonza moshi linalofanya kazi kweli. Ning'iniza ukanda wa tishu mlangoni. Usipovutwa ndani, usianze.
- Glavu za nitrili, miwani ya kinga, koti la pamba, na kengele ya gesi ya haidrojeni salfaidi.

Kengele hiyo usiione kama pambo. Shali yenye salfa hutoa haidrojeni salfaidi, na gesi hii hufisha pua: unaisikia mwanzoni kama yai viza, kisha huisikii tena, ukadhani imekwisha. Kaboni monoksidi nayo hutoka, nayo haina harufu kabisa. Mafuta yenyewe yana sumu ya polepole. Zamani mafuta ya shali yalitumika kulainisha mashine za kusokota pamba Uingereza, na mafundi waliokuwa wakirushiwa matone yake nguoni kutwa nzima walipata saratani ya ngozi. Ukidondokewa mkononi, vua glavu na uoshe kwa sabuni saa ileile.

Sehemu ya kwanza: jiwe

1. Lichunguze kabla ya kuliponda. Lishike mkononi. Kerojeni ina uzito unaokaribia wa maji, wakati madini ya mwamba huwa mazito zaidi ya mara mbili na nusu, kwa hiyo jiwe tajiri ni jepesi kuliko macho yanavyotarajia. Likwangue kwa kisu kikali: shali tajiri hutoa maganda membamba yanayojikunja kama ya penseli, na maskini hutoa vumbi. Weusi usikudanganye. Mawe mengi meusi ti hayana kitu, na shali tajiri ya Green River mara nyingi ni ya kahawia. Andika ulichokiona daftarini.

2. Ligawe kwa urefu. Kama ni mche wa mwamba uliochorongwa, upasue kwa msumeno wa almasi toka juu hadi chini, nusu moja uirudishe kwenye sanduku lake. Usiokote vipande unavyovipenda. Matabaka ya shali hubadilika ndani ya upana wa kidole, na kipande kizuri hakiusemei mwamba mzima.

3. Ponda mpaka yote ipite kwenye chekeche la 2.38. Neno "yote" nalitilia mkazo. Shali tajiri ni ngumu kwa namna ya ngozi: taya za karasha huibonyeza nayo hurudi, haivunjiki kama chokaa. Mwisho wa kazi utabaki na vipande bapa vinavyokataa kupita chekeche, na mkono utakuwasha kuvitupa. Hivyo ndivyo vyenye mafuta mengi. Virudishe kwenye karasha mara tatu, mara nne, hadi vipite. Lakini usisage ukapata unga, kwa sababu unga hupeperushwa na gesi hadi kwenye kipoza mvuke na kuchafua mafuta.

4. Changanya, kisha tumia kigawanya kupata mafungu: mawili ya gramu 100 kila moja kwa ajili ya chungu, na moja la gramu 50 la kusaga laini kwa vipimo vya kemia. Usichote kwa kijiko kutoka juu ya rundo. Chembe nyepesi na chembe nzito hujitenga zenyewe ukitikisa chombo, na nyepesi ndizo zenye kerojeni.

5. Pima unyevu kwa gramu chache: saa moja kwenye oveni ya nyuzi 105 za Selsiasi, kisha poza ndani ya chombo kikavu kilichofunikwa, pima, rudia hadi uzito usimame. Hapa kuna mtego wa Green River. Baadhi ya matabaka yake yana nakolaiti, ambayo ni sodiamu bikaboneti ya asili, ile iliyomo kwenye magadi ya kuumulia maandazi. Ikipashwa joto huanza kuvunjika na kutoa maji na kabonidayoksaidi. Ukiona uzito unaendelea kupungua saa baada ya saa, hukaushi tena, unavunja madini. Kwa sampuli hizo tumia joto la chini na uandike hivyo kwenye ripoti.

6. Pima kaboni ya kikaboni kwenye fungu lililosagwa. Shali ya Green River imejaa kaboneti, yaani madini ya jamii ya chokaa kama kalsaiti na dolomaiti, kwa hiyo ukiichoma moja kwa moja utahesabu kaboni ya chokaa pamoja na ya kerojeni. Ondoa kaboneti kwanza kwa asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10. Mimina kidogo kidogo, maana povu hupanda. Povu likikoma usiseme tayari: kalsaiti huisha upesi, lakini dolomaiti ni mvivu kwenye asidi baridi. Pasha hadi nyuzi 60 hivi na usubiri. Osha, kausha, kisha choma kwenye kichanganuzi cha kaboni.

Mwenzako akikushauri uchome sampuli kwenye nyuzi 950 na kuuita uzito uliopotea "kerojeni", mkatalie kwa upole. Kwenye joto hilo kaboneti nazo zimevunjika, na utaripoti jiwe la chokaa kuwa utajiri.

Sehemu ya pili: kupika

7. Pima uzito wa kila chombo kikiwa kitupu, kisafi na kikavu: chungu pamoja na visahani na kifuniko, kipoza mvuke, tyubu. Andika papo hapo. Nimeona mtu akipika kwa saa moja na nusu, kisha akagundua hakupima tyubu tupu. Kazi yote ikamwagika.

8. Pakia gramu 100.00 kwa matabaka, ukitenganisha kila tabaka kwa kisahani chenye matundu. Shali hupitisha joto vibaya, na visahani ndivyo vinavyolipeleka katikati. Usishindilie. Mvuke unahitaji njia ya kutokea, na unapokawia ndani ya jiwe lenye moto mafuta huvunjika zaidi yakawa gesi na masizi.

9. Funga kifuniko, unganisha kipoza mvuke na tyubu, zamisha tyubu kwenye maji ya barafu yasiyozidi nyuzi 5. Sasa kagua uvujaji: paka maji ya sabuni kwenye kila ungio, puliza hewa kidogo, tazama mapovu. Hatua hii huchukua dakika mbili, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mara ya kwanza nilipofanya kipimo hiki peke yangu niliiruka. Hesabu ilinionyesha gramu nne za "gesi" kwenye jiwe ambalo halikupaswa kutoa zaidi ya mbili, nikakaa jioni nzima nikitafuta sababu kwenye kemia. Kumbe jibu lilikuwa doa la kahawia, jembamba kama uzi, limezunguka shingo ya kifuniko.

10. Washa. Joto lipande nyuzi 12 kwa dakika hadi 500, yaani dakika 40 hivi, kisha lishikilie hapo dakika nyingine 40. Usipandishe haraka ili uwahi chakula cha mchana. Kasi ya joto hubadilisha kiasi cha mafuta, na namba yako haitalinganishwa na ya mtu mwingine yeyote. Zaidi ya hapo, alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na kidhibiti kibovu kinaweza kukupeleka huko. Kaa karibu.

Utakachoona: kwanza ukungu mweupe na matone maangavu ya maji kwenye kioo. Kisha, mara nyingi baada ya kupita nyuzi 350, ukungu unageuka kuwa wa manjano, na matone yanayoteremka huacha mkia wa kahawia nyuma yao. Baada ya nyuzi 400 hudondoka kwa mfululizo. Harufu ni nzito na kali, kama lami iliyochanganyika na kitu kilichooza. Mwanzo wa kudondoka uandike pamoja na joto lake, maana siku moja utahitaji kulinganisha.

Wanaouliza "kwa nini 500?" niwape jibu fupi: hapo kerojeni ya Green River imekwisha toa karibu yote inayoweza kutoa, na dolomaiti na kalsaiti bado hazijavunjika kwa kiasi cha kusumbua. Ni makubaliano. Waestonia, kwa mfano, wamezoea kiwango cha ISO 647 kilichotungwa kwa makaa, ambacho hupika gramu 50 hadi nyuzi 520. Kwa hiyo ripoti yako lazima itaje njia uliyotumia.

11. Zima, acha chungu kipoe kikiwa kimefungwa. Usikifungue kikiwa cha moto. Masalia yaliyobaki yana masizi meusi ya kaboni, na yakikutana na hewa yakiwa na moto huwaka taratibu bila ndimi. Uzito utapungua, nawe utauandika kwenye safu ya gesi.

12. Pasha kipoza mvuke kidogo ili mafuta yaliyoganda ukutani yashuke kwenye tyubu. Mafuta ya Green River yana nta nyingi, na huweza kuganda hata kwenye joto la kawaida la chumba cha nchi za baridi, sembuse kwenye barafu. Kikaushio cha nywele kinatosha. Kisha pima tyubu pamoja na vilivyomo, na upime kipoza mvuke: kikizidi uzito wake wa mwanzo, hayo ni mafuta yaliyobaki, yaongeze kwenye hesabu. Pima chungu pamoja na masalia.

13. Ziba tyubu, ipashe hadi nyuzi 50 au 60 nta ilegee, izungushe kwenye sentrifuji. Maji yatakaa kwenye ncha, mafuta juu. Soma ujazo wa maji: mililita moja ichukue kuwa gramu moja. Toa kutoka uzito wa jumla, kinachobaki ni mafuta. Soma macho yakiwa usawa wa mstari, na kama mpaka kati ya maji na mafuta una utando wa kahawia, zungusha tena. Tone moja la maji lililonaswa ndani ya mafuta halionekani kubwa, lakini kwenye jiwe maskini ndilo linalogeuza jibu.

14. Fanya hesabu. Tuseme umepata mafuta gramu 9.60, maji 1.40, masalia 86.30. Jumla ni 97.30. Zilizobaki, gramu 2.70, huandikwa "gesi na upotevu", kwa sababu hukuzikusanya na huwezi kuapa kwamba zote zilikuwa gesi. Ukitaka lita kwa tani ya kilo 1,000, zidisha asilimia ya mafuta kwa 10, gawanya kwa densiti. Kwa densiti ya gramu 0.915 kwa mililita: 96.0 ÷ 0.915 = lita 104.9. Ripoti za Marekani huandika galoni kwa tani yao fupi, basi gawanya lita hizo kwa 4.172 upate galoni 25.1. Vitabu vya zamani hutumia 25 kama kipimo cha shali nzuri ya Green River, na sasa unajua namba hiyo inatoka wapi.

15. Rudia kwa fungu la pili la gramu 100. Kanuni yangu: mafuta ya mara mbili yakitofautiana zaidi ya gramu 0.3, napika la tatu, na sichukui wastani wa kujifariji. Tengeneza pia pipa la shali moja iliyochanganywa vizuri, na kila baada ya sampuli kumi pika gramu 100 za pipa hilo. Namba yake ikianza kuhama, tatizo liko kwako.

Sehemu ya tatu: mafuta

Mafuta haya hayasubiri. Yana alkeni (haidrokaboni zenye kifungo maradufu) na misombo ya naitrojeni, zote zinazopenda oksijeni. Yaache kwenye chupa wazi wiki moja uone yanavyokolea weusi na kuacha gundi ukutani. Yahamishie kwenye chupa ya kioo cha kahawia, puliza naitrojeni juu yake, funga, weka kwenye friji, pima mapema.

16. Densiti. Pasha mafuta hadi yawe laini kabisa, jaza pikinomita bila povu, iache ifikie nyuzi 15.6, pima. Yakiganda kwenye joto hilo, pima kwenye joto la juu zaidi na utumie jedwali la kusahihisha. Mafuta ya Green River hukaa karibu na 0.91 au 0.92. Ya kukersite husogelea 1.0, na hapo ile hatua ya 13 inakuwa ngumu kweli, kwa kuwa mafuta na maji yanalingana uzito na hayataki kutengana. Kwa hayo, ongeza toluini, keneka, na ukusanye maji kwenye mtego wa Dean-Stark, kifaa cha kioo kinachonasa maji yanayokenekwa.

17. Maji yaliyobaki ndani ya mafuta. Hapa hutokea mkanganyiko wa kila mwaka. Titresheni ya Karl Fischer, ya 1935, ndiyo inayopima maji haya. Chungu cha Franz Fischer hupima mafuta. Ni watu wawili tofauti. Usiandike "Fischer" tupu kwenye lebo ya chupa.

18. Kaboni, haidrojeni, naitrojeni, salfa. Mbili za mwisho ndizo zinazomwumiza kichwa mwenye kiwanda. Mafuta ya Green River yana naitrojeni inayokaribia asilimia 2, nyingi mno ukilinganisha na mafuta ghafi ya kawaida, na salfa chini ya asilimia 1. Ya Jordan ni kinyume, salfa yake inaweza kukaribia asilimia 10. Ya kukersite yamejaa oksijeni, hasa fenoli. Ukipima naitrojeni kwa njia ya Kjeldahl, jihadhari: naitrojeni iliyofungwa ndani ya pete, kama ya piridini na kwinolini, haikubali kuvunjwa upesi na asidi ya salfuriki. Ongeza muda wa kuchemsha hata baada ya kimiminika kuwa cheupe, na upime piridini safi kwanza uone kama unaipata yote. Usipoipata, njia yako inapunguza. Kichanganuzi cha kuchoma hakina tatizo hilo. Kama mafuta yatapelekwa kusafishwa, pima arseniki pia, kwa kuwa mafuta ya Green River huwa nayo na huua vichocheo vya kiwandani.

19. Asidi na besi za lami. Hii ni njia ya kizamani lakini bado naipenda, kwa sababu unaona kwa macho. Yeyusha mafuta kwenye toluini, tikisa kwenye faneli ya kutenganishia pamoja na sodiamu haidroksaidi ya asilimia 10: fenoli huhamia kwenye maji. Tenga. Kisha tikisa mafuta yaliyobaki na asidi ya salfuriki ya asilimia 20: besi za naitrojeni huhamia. Kila safu irudishe kwenye hali yake, ichote kwa etha, kausha, pima. Fungua bomba la faneli kila baada ya kutikisa mara chache ili kuachia shinikizo, ukilielekeza ndani ya kabati, mbali na uso.

20. Kromatografia ya gesi. Dunga mafuta yaliyoyeyushwa kwenye safu (bomba jembamba la kutenganishia) isiyo na polari na utazame mchoro. Utaona vilele vinakuja viwili viwili, kama ngazi ndefu ya mapacha. Kwa kila idadi ya kaboni, Kulwa ni alkeni, anatangulia kidogo. Doto ni alkani, isiyo na kifungo maradufu, anafuata. Hiyo ndiyo alama ya mafuta yaliyozaliwa kwa moto. Siku moja uletewe chupa ukiambiwa ni mafuta ya shali, ukakuta Doto tupu bila Kulwa, muulize aliyeileta: ama yameshatibiwa kwa haidrojeni, ama ni mafuta ghafi ya kisima. Kwenye mafuta ya kukersite mapacha hawa hufunikwa na vilele vya fenoli, hivyo tenga fenoli kwanza kama ulivyofanya kwenye hatua ya 19.

Mambo yakienda kombo

*Gesi na upotevu imezidi kuliko kawaida.* Anza na ungio, kisha barafu: iliyeyuka kabla ya kazi kwisha? Kisha ujiulize kama ulifungua chungu kingali moto. Hayo matatu yakiwa safi, fikiria madini. Nakolaiti na dosonaiti (madini ya kaboneti yenye sodiamu na alumini) hutoa kabonidayoksaidi chini ya nyuzi 500, na hapo gesi ni ya kweli. Pima kabonidayoksaidi ya madini kwenye fungu la unga uone kama hesabu inakubali.

*Maji ni mengi, na jiwe lilikuwa kavu.* Jiwe kavu bado lina maji yaliyofungwa ndani ya udongo wa mfinyanzi, jasi na dosonaiti, na kerojeni yenyewe hutoa maji oksijeni yake inapokutana na haidrojeni. Si kosa. Ndiyo sababu unyevu wa hatua ya 5 na maji ya hatua ya 13 huandikwa kwenye safu mbili tofauti.

*Jumla imezidi 100.* Haiwezekani, kwa hiyo kuna chombo kilichopimwa kikiwa na maji nje, kwa kawaida ni tyubu iliyotoka kwenye barafu. Ifute, iache ifikie joto la chumba, pima tena.

*Mafuta yana unga mweusi chini.* Ulisaga kupita kiasi, au hukuweka kisahani cha juu. Usichuje ukaendelea kana kwamba hakuna kitu: unga huo ulihesabiwa kuwa mafuta. Chuja kwa toluini, kausha, pima, utoe.

*Kaboni ya kikaboni ni kubwa, mafuta ni kiduchu.* Hapa wengi hudhani wamekosea, na huenda hawajakosea. Kwenye shali ya Green River karibu theluthi mbili ya kaboni ya kerojeni huishia kwenye mafuta, nyingine hubaki masizi au huwa gesi. Lakini kerojeni iliyotokana na mimea ya nchi kavu ina haidrojeni haba, nayo huishia zaidi kwenye masizi, kama makaa ya mawe. Pima kaboni kwenye masalia. Ukiikuta imejaa humo, chungu chako kimesema kweli: jiwe lina kaboni, halina mafuta ya kukupa.

*Mafuta hayashuki, kipoza mvuke kimeziba.* Hii ni hatari, usiingoje. Nta imeganda kwenye njia na shinikizo linapanda ndani ya chungu chenye moto. Zima tanuri, rudi nyuma, shusha kioo cha kabati. Usijaribu kukipasha kipoza mvuke wakati huo, na usiguse kifuniko mpaka chungu kipoe kabisa. Sampuli hiyo imepotea. Safari ijayo, sehemu ya juu ya kipoza mvuke iache nje ya barafu, tyubu peke yake ndiyo izame.